Yohana Marko kutoka Perge hadi Rumi: uchambuzi wa kisa cha mtumishi aliyeiacha safari

Mkristo akiulizwa namna kosa linavyoweza kumkuza mtu kiroho, jina linalomjia kwanza huwa la Petro au la Daudi, na ni haki, kwa kuwa Maandiko yenyewe yametusimulia machozi ya mmoja na toba ya mwingine. Kisa cha Yohana Marko hakina machozi wala zaburi. Kimetawanyika katika mistari michache ya Matendo ya Mitume na ya nyaraka nne, na hakuna hata mmoja unaosema kwamba alitubu, alitubu kwa maneno gani, au alijibiwa nini. Tunamwona akiondoka, tunawasikia wakubwa wake wakibishana juu yake, kisha baada ya zaidi ya miaka kumi tunamkuta akiwa mtu anayehitajiwa. Kwa sababu hiyo hiyo naona kisa chake kinastahili kuchambuliwa kwa utulivu: Wakristo wengi waliokosea hawakuwikiwa na jogoo wala hawakuendewa na nabii Nathani. Walikuwa na siku moja mbaya, aibu ya muda mrefu, na miaka ya kazi ambayo hakuna aliyeiandika.

Nyumba aliyotoka

Marko alilelewa ndani ya kanisa lilipokuwa bado changa. Mamaye, Mariamu, alikuwa na nyumba Yerusalemu iliyotosha kukutanisha watu wengi usiku, yenye lango la nje na kijakazi wa kuitikia hodi. Ndiyo nyumba ambayo Petro aliiendea moja kwa moja alipotolewa gerezani, na ndiko Roda alikomwacha langoni kwa furaha akakimbia ndani kutoa habari (Mdo 12:12–16). Waraka kwa Wakolosai unatujulisha pia kwamba alikuwa binamu yake Barnaba, yule Mlawi wa Kipro aliyeuza shamba lake akaweka fedha miguuni pa mitume. Kijana wa namna hii tunamjua katika kila usharika. Amekulia kwenye maombi ya nyumbani, viongozi wakubwa wamekula mezani kwa mama yake, na anapofikia umri wa kutumika hakuna anayeuliza kama ameitwa, kwa kuwa kila mtu anadhani jibu liko wazi.

Mwaka 46 hivi, Barnaba na Sauli (ndiye Paulo) walipokwisha kuupeleka Yerusalemu msaada wa njaa uliotoka kwa ndugu wa Antiokia ya Shamu, walirejea wakiwa naye. Baadaye kanisa la Antiokia lilifunga na kuomba, Roho akaagiza Barnaba na Sauli watengwe kwa kazi aliyowaitia, nao wakawekewa mikono wakaenda zao. Luka, mwandishi wa Matendo, anataja watu wawili katika wito na wawili hao hao katika kuwekewa mikono. Marko anatokea baadaye, wakiwa wamekwisha kufika Salami, kwa nusu sentensi: "Nao walikuwa na Yohana kuwa mtumishi wao" (Mdo 13:5). Sitaki kuutwisha mstari huo mzigo usio wake, maana mtu anaweza kuwa msaidizi kwa wito kamili kama wa mtume. Hata hivyo, kijana huyu aliingia katika safari iliyoagizwa kwa wengine, akiwa amechukuliwa na ndugu yake, na hatuambiwi kwamba kabla ya kuondoka alipimwa kwa jambo lolote.

Perge

Kipro kulikwenda vizuri. Walikipita kisiwa chote kutoka Salami, upande wa mashariki, hadi Pafo, upande wa magharibi. Liwali Sergio Paulo akaamini, mchawi Elima akapigwa upofu, na Marko alikuwapo. Kisha wakatweka, wakafika Perge katika Pamfilia, na hapo Luka anaandika maneno manne: "Yohana akawaacha akarejea Yerusalemu" (Mdo 13:13).

Wafafanuzi wameujaza ukimya huo kwa njia nyingi. Wako wanaosema aliogopa milima, kwa sababu njia ya kutoka pwani ile hupanda kuvuka safu ya Taurus hadi Antiokia ya Pisidia, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Paulo mwenyewe aliandika baadaye juu ya hatari za mito na hatari za wanyang'anyi. William Ramsay, msomi wa Uskoti aliyezunguka sana nchi hizo mwishoni mwa karne ya 19, alidhani Paulo alishikwa na malaria kwenye tambarare za Pamfilia, akautegemea mstari wa Wagalatia 4:13 unaotaja udhaifu wa mwili. Kwa dhana hiyo, huenda mpango wa safari ulibadilika ghafla na Marko hakuukubali. Wengine hutazama mpangilio wa majina: hadi Kipro Luka huandika "Barnaba na Sauli", ila wakitoka Pafo ni "Paulo na wenziwe", na si kila binamu angependa kuona ndugu yake akishuka kutoka nafasi ya kwanza. Wapo pia wanaofikiri kwamba kijana wa Yerusalemu alikwazwa kuona Injili ikifunguliwa kwa mataifa kwa upana ule. Kila dhana ina hoja yake na hakuna iliyothibitishwa.

Naona hasara si kubwa. Tunapokutana na mtu aliyeacha kazi ya kanisa katikati, tuna tabia ya kutafuta kwanza sababu, na tukiisha kuipata tunaigeuza kuwa ama hukumu ama kisingizio, huku tendo lenyewe likisahaulika. Luka anatulazimisha kulitazama tendo. Watu wawili walibaki bila msaidizi mahali ambapo safari ilikuwa inaanza kuwa ngumu. Mmoja wao alikuja kupigwa kwa mawe huko Listra na kuburutwa nje ya mji akidhaniwa amekufa (Mdo 14:19). Tena Marko hakurejea Antiokia, kwa kanisa lililowatuma wakubwa wake, ambako angelazimika kusimama mbele ya ndugu na kueleza. Alirejea Yerusalemu, nyumbani kwao. Methali ya kuteleza si kuanguka haimfai hapa, kwani mtu aliyeteleza huendelea na njia ile ile.

Je, ilikuwa dhambi? Luka hatumii neno hilo, na uangalifu wake unafaa kuigwa. Kuna kosa la kuvunja amri, na kuna kosa la kuvunja tumaini lililowekwa juu ya mtu bila kuvunja amri yoyote iliyoandikwa. Nidhamu ya makanisa yetu imezoea la kwanza: uzinzi, ulevi, wizi wa sadaka, ndoa isiyofungwa kanisani. Makosa haya yana utaratibu wake. Mtu hutengwa na Meza ya Bwana, hupewa muda wa mafundisho, kisha hurudi kundini. Kosa la pili halina utaratibu. Kiongozi wa kwaya aliyeondoka wiki moja kabla ya tamasha, mzee wa kanisa aliyenyamaza siku ndugu yake aliposingiziwa, mwinjilisti aliyehama mtaa wa mbali bila kuaga kwa sababu tu maisha yalikuwa magumu: hawa hawaitwi mbele ya baraza lolote, na kwa kuwa hawajaitwa, hawasamehewi pia. Huendelea kusali kwenye viti vya nyuma, kila mtu akijua, hakuna anayesema. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kusambaa Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930, walilielewa pengo hili vizuri kuliko makanisa waliyomo, maana katika vikundi vyao vya kutembea nuruni mtu aliweza kuungama kijicho, ubaridi au woga kwa uzito ule ule wa kuungama wizi. Marko ni wa kundi hili la pili.

Mabishano ya Antiokia

Mwaka 49 hivi, baada ya mkutano wa Yerusalemu kuamua kwamba waaminio wa mataifa wasilazimishwe kutahiriwa, Paulo alimwambia Barnaba warejee kuwaangalia ndugu katika miji yote waliyohubiri. Barnaba akataka kumchukua Marko; Paulo "hakuona vema kumchukua huyo aliyewaacha huko Pamfilia, asiende nao kazini. Basi palitokea mashindano baina yao hata wakatengana" (Mdo 15:38–39). Kabla ya kuamua nani alikuwa na haki, ni vema kutambua jambo ambalo mabishano yenyewe hulifunika: Barnaba alimchukua Marko na kutweka, maana yake Marko alikuwa tayari kwenda tena. Kwa namna ambayo Luka hakuisimulia, kijana aliyekimbilia kwao alikuwa amekubali kurudi mahali ambapo kila mtu alijua alichofanya, na kujiweka mikononi mwa watu ambao wangeweza kumkataa. Mmoja wao alimkataa kweli, pengine akiwa anasikia.

Wahubiri wengi humlaumu Paulo upesi mno. Wanakumbusha, kwa haki, kwamba Barnaba ndiye aliyemshika mkono Paulo mwenyewe na kumpeleka kwa mitume wakati wanafunzi wote walipomwogopa (Mdo 9:26–27), na ndiye aliyekwenda Tarso kumtafuta. Ila Paulo hakuwa anajadili kama Marko amesamehewa. Alikuwa anajadili njia. Safari aliyoikusudia ilikuwa kurudi kwenye miji ile ile ambayo Marko hakuifika, kwa waumini waliomwona mtume wao akipigwa mawe, na ni vigumu kumweka mbele yao mtu ambaye hadithi yake yote kwa upande wao ni kwamba hakuja. Aliyevuka milima akiwa pungufu ya mtu mmoja ana haki ya kuuliza atakayemfuata mara ya pili ni nani. Msamaha hutolewa siku moja, ilhali kuaminika hujengwa kwa muda. Kanisa linalochanganya mambo haya mawili huwaumiza watu, ama kwa kumnyima msamaha aliyetubu kwa kuwa bado haaminiki, ama kwa kumkabidhi kazi nzito mara tu anapoomba radhi, halafu akaanguka tena mbele ya wote.

Barnaba naye hakuwa bila doa. Marko alikuwa ndugu yake wa damu, na mtu anayemtetea ndugu yake hujikuta akitetea mambo mawili kwa pamoja bila kujua lipi linamsukuma zaidi. Wagalatia 2:11–13 inasimulia pia kwamba huko huko Antiokia Petro alijitenga na meza ya waumini wa mataifa kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, na hata Barnaba akachukuliwa na unafiki huo. Kama tukio hilo lilitangulia mabishano juu ya Marko, kama wafafanuzi wengi wanavyodhani, basi Paulo na Barnaba walifika kwenye suala la Marko wakiwa tayari na jeraha baina yao.

Kinachonivutia zaidi ni mahali alikokwenda Barnaba. Alimpeleka Marko Kipro. Kipro ndiyo nchi ya Barnaba mwenyewe, na hapo tu pangetosha kueleza uamuzi wake. Lakini Kipro pia ndiyo sehemu ya safari ya kwanza ambayo Marko aliimaliza bila lawama. Hakurudishwa kwenye gati la Perge ili athibitishe ushujaa wake palepale aliposhindwa. Alianzishwa tena kwenye barabara ya mwisho aliyowahi kuitembea kwa uaminifu, pamoja na mtu aliyemjua tangu utoto, katika kazi iliyokuwa ndogo kuliko ile ya Paulo na ambayo Luka hakuifuata hata kwa mstari mmoja zaidi. Ukitazama ramani utaona kwamba hoja za wazee wote wawili zilitimizwa: Paulo akapita Shamu na Kilikia kwenda kwenye milima bila Marko, kama alivyotaka, naye Marko akapata kazi, kama alivyotaka Barnaba. Laiti wangeafikiana hivyo bila kugombana.

Hapa sina budi kupinga maelezo yanayopendwa sana, kwamba Mungu aliuruhusu ugomvi ule ili badala ya timu moja ya wamisionari zipatikane mbili. Ni kweli timu zilikuwa mbili. Lakini Luka hausifu ugomvi, wala hasemi Roho aliuagiza, ingawa hasiti kumtaja Roho anapoona amesema. Katika sura inayofuata anamtaja mara mbili kwa kumzuia Paulo kuhubiri Asia na kuingia Bithinia. Mungu anaweza kuvuna hata mahali tulipoharibu, na Warumi 8:28 inatuhakikishia hilo, ila tukianza kuyahesabu makosa yetu kuwa sehemu ya mpango tutapoteza uwezo wa kuyajutia. Marko aliyeambiwa kwamba kukimbia kwake kulikuwa mapenzi ya Mungu asingekuwa na sababu ya kubadilika.

Miaka isiyosimuliwa

Kutoka mabishano ya Antiokia hadi nyaraka zinazomtaja Marko tena ni zaidi ya miaka kumi, kwa hesabu ya wale wanaouweka waraka kwa Wakolosai kati ya mwaka 60 na 62. Hatujui alipanda jukwaa gani, alibatiza watu wangapi, wala alilia usiku upi. Tunachoweza kujua ni alikaa na nani, nami nadhani jibu la swali la ukuaji wake limo humo zaidi ya mahali pengine popote.

Wa kwanza alikuwa Barnaba. Wa pili alikuwa Petro, ambaye mwishoni mwa waraka wake wa kwanza analeta salamu kutoka "Babeli", jina ambalo wengi hulielewa kuwa ni Rumi, na kumtaja "Marko mwanangu" (1 Pet 5:13). Papia, askofu wa Hierapoli mwanzoni mwa karne ya 2, ambaye maneno yake yamehifadhiwa na Eusebio, alisimulia kwamba Marko alikuwa mfasiri wa Petro na aliyaandika kwa uangalifu aliyoyakumbuka kutoka kwake, ingawa si kwa utaratibu. Basi tuwatazame walimu hao wawili. Mmoja alimkana Bwana wake mbele ya kijakazi, na miaka mingi baadaye akaogopa watu tena, kwenye meza ya Antiokia. Mwingine, mtu mwema kuliko wengi, alibebwa na woga huo huo wa mwenzake. Marko hakulelewa na watu wasiojua kushindwa. Alikaa karibu na wanaume waliokwisha kukosea hadharani, wakakemewa hadharani, na wakaendelea kufanya kazi, na kwa mtu mwenye aibu sioni darasa lingine linalofaa kuliko hilo.

Kama Papia alisema kweli, matunda ya darasa hilo tunayo mikononi. Injili ya Marko, ambayo wasomi wengi huiona kuwa ya kwanza kuandikwa kati ya zile nne, haiwapambi wanafunzi. Wanafunzi hawaelewi mifano, wanabishana nani mkubwa, wanalala Gethsemane, na Bwana anapokamatwa, "wakamwacha, wakakimbia wote" (Mk 14:50). Mara baada ya hapo linakuja tukio ambalo haliko katika Injili nyingine yoyote, la kijana aliyekamatwa akaiacha nguo yake ya kitani na kukimbia uchi. Tangu zamani wako wasomaji waliodhani kijana huyo ni Marko mwenyewe, nami siwezi kusema ndiyo wala siyo. Kukana kwa Petro kumesimuliwa hatua kwa hatua, hadi kulaani na kuapa, na mtu anajiuliza nani angeweza kumpa mwandishi habari hizo isipokuwa Petro. Halafu kaburini kijana aliyevaa vazi jeupe anawaagiza wanawake wakawaambie wanafunzi wake "na Petro" (Mk 16:7). Maneno hayo mawili hayamo katika masimulizi ya Mathayo, Luka wala Yohana. Mwandishi aliyejua maana ya kuachwa nje ya orodha ya safari asingeweza kuyapita.

Ukuaji wa kiroho wa aina hii sio wa kusahau. Tumezoea ushuhuda unaosema "nilikuwa hivi, sasa niko vile", ambamo kosa hutajwa kwa sauti kubwa kwa sababu limekwisha kuwa mbali. Marko, kama ndiye, ameandika kitabu ambamo kosa la mwalimu wake halina sauti kubwa wala halijafichwa. Limewekwa mahali pake, na neema imewekwa karibu nalo bila maelezo. Kuweza kusimulia hivyo ni dalili kwamba aibu imeacha kumtawala mtu, naye hahitaji tena kujitetea wala kujipiga.

Lakini kosa peke yake halikumfikisha hapo, na hili ndilo jambo ninalotaka lishikwe katika kisa hiki kuliko mengine. Tunasema kwa wepesi kwamba makosa hufundisha. Dema naye aliacha. Katika salamu za waraka kwa Filemoni majina yao yamepangwa pamoja, "na Marko, na Aristarko, na Dema, na Luka, watendao kazi pamoja nami" (Flm 24), na mtu wa Kolosai aliyeusikia waraka ukisomwa, kama angejua historia ya wote wanne, angemtilia shaka Marko na si Dema. Baadaye ni Dema aliyemwacha Paulo akaenda zake Thesalonike. Kuondoka ni kule kule. Ila kwa Dema tunasoma kuondoka tu. Marko alirudi walipo watu aliowaacha, akakubali kazi ndogo, akavumilia kutoaminiwa kwa miaka, na akawa na wazee wawili waliokuwa tayari kutembea naye kabla hajathibitisha chochote. Ukiondoa mojawapo ya hayo, sidhani kama tungepata habari zake tena. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu huleta toba, bali huzuni ya dunia hufanya mauti (2 Kor 7:10). Huzuni zote mbili zinaweza kuanza kwa kosa moja, na kinachozitenganisha ni upande ambao mtu anaelekea akiwa nayo.

Paulo naye

Kisa hiki kina mtu mwingine aliyekua, naye ndiye aliyekuwa hakimu. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, ulioandikwa miaka michache baada ya kutengana, Paulo anamtaja Barnaba kama mtumishi mwenzake mwenye haki zile zile (1 Kor 9:6), bila kinyongo kinachoonekana. Katika Wakolosai anawaambia kwamba wamekwisha kupokea maagizo juu ya Marko, wampokee akifika, na anamhesabu kati ya Wayahudi watatu tu waliokuwa faraja kwake katika kifungo. Kisha katika waraka wa pili kwa Timotheo, akiwa amebaki na Luka peke yake, anaandika: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi" (2 Tim 4:11). Wako wasomi wanaotilia shaka kwamba Wakolosai na 2 Timotheo ziliandikwa kwa mkono wa Paulo mwenyewe. Waraka kwa Filemoni haubishaniwi, na huo pekee unatosha kuonyesha kwamba aliyekataliwa kwenda kazini alikuja kuitwa mtenda kazi.

Anayeagizwa kumleta Marko ni Timotheo, na hilo lina uzito wake. Timotheo alipatikana Listra katika safari ile ile ambayo Marko alikataliwa, na tangu hapo akawa msaidizi wa karibu wa Paulo. Kwa maneno mengine, alijaza nafasi iliyokuwa wazi. Alikuwa pia mtu wa eneo ambalo Marko hakulifika, na alijua mateso yaliyompata Paulo huko (2 Tim 3:11). Paulo anamtuma mtu huyo amtafute Marko barabarani na kuja naye. Hakuna kijicho katika agizo hilo, wala haja ya kueleza mambo ya kale.

Hatuna mahali ambapo Paulo alimwandikia Barnaba kumwambia kwamba alikuwa amekosea, na huenda hakuona kwamba alikosea. Uamuzi wake wa mwaka 49 ulikuwa na sababu, na hakuna ulazima wa kuufuta ili kukubali kwamba muda wake uliisha. Alichofanya ni kuurekebisha waziwazi. Kukataliwa kwa Marko hakukuwa siri, kwa kuwa wakubwa wawili wa misheni hawatengani bila makanisa kuuliza sababu, na pengine ndiyo maana Wakolosai walihitaji maagizo kabla hajafika. Mtu aliyelitia doa jina lake mbele ya makanisa ndiye aliyelisafisha mbele ya makanisa, kwa barua iliyosomwa kwa sauti katika kusanyiko.

Mabaraza yetu ya wazee yangefanya vema kukitazama kipengele hiki wanapopokea faili la mwinjilisti aliyesimamishwa. Si ajabu kukuta kwamba tangazo la kumsimamisha lilisomwa Jumapili mbele ya usharika wote, lakini uamuzi wa kumrejesha uliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, akapewa mtaa wa mbali ambako hakuna anayemjua, na usharika wa nyumbani ukabaki na habari ile ya kwanza tu. Kabla ya kumpangia kituo, baraza lingepaswa kujua ni sehemu gani ya kazi aliyoifanya kwa uaminifu kabla hajaanguka, ili aanzie hapo. Ni mzee gani aliye tayari kutembea naye kwa miaka, akitajwa kwa jina na kukubali mwenyewe. Na siku ambayo amekwisha kufaa, ni nani kati ya waliomkataa atakayesimama Jumapili, mahali pale pale tangazo la kwanza liliposomwa, kusema kwamba anafaa.